Kichwa Kikubwa kwa Mtoto: Futi Huona Kabla ya Macho

Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake, mzunguko wa kichwa chake kwa kawaida ni sentimita 33 hadi 37. Miezi mitatu ya kwanza kichwa hukua kama sentimita 2 kila mwezi, mitatu inayofuata kama sentimita 1, kisha nusu sentimita kila mwezi mpaka mwaka. Kichwa kilichoongezeka sentimita 2 ndani ya wiki moja kina tatizo, huenda ni maji kujaa kichwani (kitaalamu hydrocephalus), hata kama bado kinapendeza machoni pa bibi na majirani. Ndiyo maana tunawasisitizia wazazi kupima. Macho yanayomwona mtoto kila siku hayaoni anavyobadilika.

Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vidogo vilivyounganishwa na njia nyembamba. Humo hutengenezwa maji maangavu yanayoukinga ubongo usigongwe na fuvu. Kwa mtu mzima hutengenezwa kama nusu lita kwa siku, sawa na chupa ndogo ya maji ya dukani, ila yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Mengine yameshazunguka nje ya ubongo na uti wa mgongo na kunyonywa kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, au unyonyaji ukilegea, utengenezaji hausimami. Vyumba hufura na kuubana ubongo kwenye fuvu. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kwa hiyo kichwa hutanuka. Ya mtoto wa miaka mitano imeshashikana, kichwa hakiongezeki, na presha ya ndani hupanda haraka zaidi.

Maji haya hayatokani na mama kunywa maji mengi akiwa mjamzito, wala si laana, wala mtoto hakurogwa. Na neno "kichwamaji", ambalo mitaani ni tusi la kumwita mtu mjinga, tuliache kabisa. Wapo watoto waliotibiwa mapema wanaosoma darasa moja na wenzao.

Wengine huzaliwa na njia iliyoziba. Wengine, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, huvuja damu ndani ya vyumba vya ubongo. Uvimbe pia unaweza kuziba njia. Lakini katika eneo letu la Afrika Mashariki maambukizi ya wiki za kwanza za maisha yana mchango mkubwa sana. Uchunguzi wa watoto wa Uganda uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya wengi wa watoto waliopata tatizo hili baada ya maambukizi. Kwa hiyo mtoto wa chini ya siku 28 mwenye homa, au aliyepoa mwili, au aliyekataa ziwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kitovu kiachwe kikiwa safi na kikavu, kisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

Chanzo kingine ni mgongo wazi, na hapa kinga ipo. Uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya foliki vya kuanza siku ya kwanza ya kliniki vinakuwa vimechelewa kwa kazi hii. Anayepanga kubeba mimba ameze miligramu 0.4 kila siku, akianza angalau mwezi mmoja kabla, aendelee hadi miezi mitatu ya mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji miligramu 4, na hizo aandikiwe na daktari.

Kupima kichwa kunahitaji futi isiyovutika, kama ya fundi cherehani ambayo bado haijachakaa. Fungua nywele kama zimesukwa, toa vibanio. Ipitishe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, izunguke hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Ikaze ishike ngozi bila kuminya. Pima mara tatu, chukua namba kubwa kuliko zote, iandike na tarehe kwenye kadi ya kliniki. Namba moja peke yake husema machache. Namba nne au tano zilizofuatana ndizo zinazomwonesha muuguzi mstari wa ukuaji unapopinda kwenda juu.

Kisha gusa utosi, mtoto akiwa amekalishwa wima na ametulia. Kudundadunda ni kawaida, na kufura anapolia ni kawaida. Utosi uliofura na kukaza akiwa ametulia ni dalili ya hatari. Nyingine ni mishipa iliyochomoza kichwani, ngozi ya kichwa kung'aa, macho kutazama chini hadi weupe uonekane juu ya mboni, kutapika, usingizi usio wa kawaida na degedege. Mtoto mkubwa hulalamika kichwa asubuhi, hutapika, huona ukungu au huanza kuyumba anapotembea.

Hakuna dawa ya kunywa inayoponya tatizo hili. Utosi ukiwa bado wazi, kipimo cha ultrasaundi hupigwa kupitia hapo. Baada ya hapo huja upasuaji, ambao nchini Tanzania hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, miongoni mwa hospitali nyingine. Njia ya kwanza ni kuweka mrija, ambao wengi huuita shanti: ncha moja kwenye chumba cha ubongo, vali ya kudhibiti presha katikati, na mpira unaopita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, ambako maji hunyonywa. Urefu wa ziada huachwa tumboni ili mtoto akue nao. Njia ya pili ni kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu kwa kamera nyembamba, na kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji. Dkt. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliiendeleza huko Mbale, Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha njia hizi kwa watoto wachanga 100 wa huko, haukuona tofauti ya maana ya ukuaji wa akili baada ya miezi 12.

Wazazi wengi huvunjika moyo kwa kuona kichwa hakijarudi kuwa kidogo. Upasuaji husimamisha upanukaji, mwili ndio hukua ukakifikia kichwa. Endelea kupima.

Mrija unaweza kuziba, kukatika au kupata maambukizi, na tundu linaweza kujifunga, hasa miezi sita ya mwanzo. Dalili zilizomleta mtoto mara ya kwanza zikirudi, au akipata homa, au ngozi juu ya mpira ikawa nyekundu, au kidonda kikatoa majimaji, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda na picha zake za zamani za vipimo vya kichwa, na neno la kwanza mapokezi liwe: "Huyu ana mrija kichwani."