Hatua 14 Hadi Chooni

Kutoka kitanda cha dirishani hadi mlango wa choo cha wodi yetu ni hatua zangu 14. Mgonjwa aliyetoka kwenye kemo (dawa kali za saratani) ya tatu anaweza kuzifanya 30, huku kashika ukuta. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kwa wagonjwa wa saratani waliolazwa hapa Dar es Salaam, "daktari wa mazoezi" kama wanavyoniita, na wengi wakiniona naingia hudhani nimekuja kuwarusha kichurachura. Wapo wanaovuta shuka hadi usoni na kuanza kukoroma ghafla. Nasalimia, navuta stuli, nakaa.

Swali langu la kwanza wala si la mazoezi. Nauliza: jana ulienda chooni na nani?

Bibi mmoja alinyoosha kidole kwa bintiye. Binti huyo alikuwa akimlisha, akimwogesha, akimgeuza, akimwekea beseni, na kila nikifika ananiwahi: "Kaka, mwache mama apumzike, dawa imemchosha." Kweli imemchosha. Lakini uchovu wa saratani si ule wa shambani, kwamba ukilala asubuhi umekwisha. Huu unalala nao, unaamka nao, na kitanda kinauongeza. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwalaza wazee wenye afya zao siku 10 mfululizo, na miguu yao ikapoteza karibu kilo 1 ya misuli. Hao walikuwa hawatapiki, hawana vidonda mdomoni, wanakula wanashiba. Sasa piga hesabu ya mtu ambaye hata uji haupiti.

Ila simwinui mtu kwa kubahatisha. Nilipokuwa mgeni kazini nilimsimamisha mzee mmoja moja kwa moja kutoka kulala. Presha ikashuka, macho yakapinduka, akanidondokea kifuani na vifungo viwili vya shati langu vikaenda. Tangu siku hiyo naanza na faili. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa mtu mzima huwa 150,000 au zaidi kwa mikrolita. Zikishuka chini ya 20,000 naweka uzito pembeni, tunabaki na mwendo wa taratibu. Chini ya 10,000 naongea na daktari kwanza, maana hata kujigonga kwenye chuma cha kitanda kunaweza kuleta balaa. Wingi wa damu (himoglobini) ukiwa chini ya gramu 8 kwa desilita tunapunguza kasi. Joto likifika 38 namwita nesi, mazoezi yanasubiri. Na mgonjwa akiniambia mgongo unauma usiku, miguu imelegea, mkojo haumtii, hapo sigusi kitu: saratani inaweza kuwa inabana uti wa mgongo, na daktari anatakiwa saa hiyohiyo, si kesho kwenye raundi.

Kinamama waliokatwa titi na kutolewa tezi za kwapani wana habari yao. Wengi wanasubiri mionzi, na kwenye meza ya mionzi mkono unatakiwa ukae juu ya kichwa, utulie tuli. Bega lililoganda halifiki huko. Kwa hiyo tunasimama ukutani, vidole vinapanda taratibu kama mjusi, pale vinapoishia nabandika kipande cha plasta na kuandika tarehe. Ukuta wetu umejaa plasta. Msimamizi wa usafi hanipendi.

Ndala nazo sizipendi. Dawa za kemo kama vincristine na paclitaxel huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zinakufa ganzi, na mtu anaweza kuiacha ndala njiani asijue. Nawaambia ndugu watafute viatu vyenye mkanda wa kisigino. Mtumba wa Karume unatosha kabisa.

Nauliza pia choo cha nyumbani kikoje, kwa sababu mgonjwa akitoka hapa anarudi kwenye choo cha shimo, na kuchuchumaa kunataka mapaja hasa. Asipoweza, fundi seremala akate tundu kwenye kiti cha mbao, akiweke juu ya shimo. Wagonjwa wa mikoani wanaokuja kupata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya hapa Dar, hukaa mjini wiki kadhaa, Jumatatu hadi Ijumaa ni kwenye mashine. Huo ni muda wa kutosha kuyajenga mapaja hayo, au kuyapoteza yote.

Na bibi yetu? Siku ya kwanza tulikaa tu ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, nikapima presha. Siku ya pili alisimama na kukaa mara 3, mikono juu ya magoti, huku nikimuuliza habari za wajukuu. Hiyo ndiyo mashine yangu ya kupima: akijibu sentensi nzima tunaendelea, akijibu neno mojamoja tunakaa. Siku ya nne tulifika kwenye kitanda cha jirani. Binti alitembea ubavuni, mikono hewani, kama anayemfundisha mtoto kutembea.

Jumatatu iliyofuata dripu ilikuwa imetolewa. Bibi alivaa raba zake, akafunga khanga kiunoni, akaanza bila kuniangalia. Nilihesabu hatua 27. Mlangoni binti akataka kuingia naye.

"Wewe baki hapohapo," bibi akasema, akausukuma mlango.