Rangi ya skeli: kwa nini koti jeusi la stesheni masta halipakwi nyeusi

Simama gatini Lamu asubuhi utazame mikoko ya upande wa Manda. Ukiwa mashuani, ukipita kando yake, majani ni kijani kibichi cha kuchoma macho. Kutoka ng'ambo hii, mikoko hiyo hiyo imefifia, imeingia usamawati na ukijivu. Miti ni ile ile. Hewa na mwanga kati yako nayo ndivyo vilivyozidi. Wanaopaka rangi vijisanamu vya reli za mfano hulijua sana jambo hili, nalo ndilo linaloitwa rangi ya skeli.

Skeli yenyewe, yaani mara ngapi mfano umepunguzwa kuliko kitu halisi, ni hesabu tu. Ile ya HO, inayotumika zaidi duniani kwa treni za mfano, ni 1:87: kila kipimo hugawanywa kwa 87. Mtu wa sentimita 174 huwa wa sentimita 2 kamili. Ukimtazama kutoka sentimita 60, ni sawa na kumtazama mtu halisi aliye mita 52 mbele yako. Mtu wa umbali huo weusi wa koti lake hauuoni kama unavyouona mkiketi naye barazani. Basi koti jeusi hupakwa kijivu kilichokolea, buluu nzito ya kondakta wa Marekani hutiwa kijivu kidogo, na koti jeupe la mhudumu wa behewa la kulala la Pullman, kampuni ya Marekani, hutiwa tone la kahawia ili lisimetemete kama sahani.

Stesheni masta wangu wa kwanza nilimpaka nyeusi kama ilivyotoka chupani. Jirani yangu, fundi wa majahazi ya mfano, alimwinua mkononi akauliza, "Huyu mtu au tundu?" Yeye tanga hatii weupe wa bafta mpya, maana tanga la kweli limeliwa na jua na chumvi. Kumbe somo lilikuwa mlango wa pili, nami nalitafuta mbali.

Wengi hudhani sare sahihi kihistoria ni kupata kipande cha kitambaa cha zamani na kufananisha rangi. Lakini kwanza uliza mwaka. Ukitengeneza stesheni ya Mombasa ya 1960, mwajiri ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948. Bandari ziliondoka kwenye jina hilo 1969, na 1977 shirika lenyewe likavunjika. Herufi za kwenye kofia hufuata tarehe hizo. (Hata hivyo, kwa 1:87 hakuna atakayezisoma, kwa hiyo usikeshe nazo.) Kinachoonekana ni mkato wa nguo: kaptura au suruali, koti refu au fupi, kofia ya namna gani. Tena nguo kuukuu haitupwi siku nembo inapobadilika. Kundi la wafanyakazi waliovaa sare za miaka tofauti huenda likawa la kweli kuliko safu ya waliofanana kama sabuni za boksi moja.

Kufifisha nako kuna mpaka. Msimamizi wa stesheni wa Ujerumani alivaa kofia nyekundu ili dereva amtambue kutoka mbali. Ukiififisha mpaka iwe waridi, umeiondolea kazi yake. Vifungo navyo ni mtihani: kifungo cha sentimita 2 hubaki milimita 0.23, na ncha ya kijiti cha kuchokolea meno ni nene kuliko hicho. Mimi huweka nukta tatu za shaba, jicho la mtazamaji likajaza zilizobaki.

Kiasi cha kufifisha hakina kanuni moja. Sanamu kubwa ya 1:43.5, yenye sentimita 4, huhitaji kufifishwa kidogo tu, kuliko ile ya 1:87. Muhimu ni kuchanganya rangi chini ya mwanga ule ule utakaomulika reli yako. Kondakta wangu nilimpaka usiku, kwa taa ya manjano, buluu ikatulia vizuri kabisa. Asubuhi nikafungua dirisha, nikamkuta amevaa kijani.