Vifo vya UVIKO-19 katika ICU: wagonjwa hao walinganishwe na nani?

Ndugu wa wagonjwa hapa Mtwara bado huuliza iwapo ni kweli kwamba mgonjwa wa UVIKO-19 akishaingizwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, harudi. Hofu hiyo haikuzuka hewani, kwani kwa sehemu kubwa ilitokana na takwimu halali zilizosomwa vibaya katika miezi ya mwanzo ya ugonjwa.

Tarehe 4 Aprili 2020, taasisi ya ICNARC, inayokusanya takwimu za wodi za wagonjwa mahututi nchini Uingereza, ilitoa taarifa kuhusu wagonjwa 2,249 wa UVIKO-19. Waliofariki dunia walikuwa 346, na waliotoka ICU wakiwa hai 344. Hapo ndipo lilipotoka lile dai lililozunguka duniani, kwamba asilimia 50 ya wanaoingizwa ICU hufariki. Jambo ambalo wengi hawakulisikia ni kwamba wagonjwa 1,559, yaani zaidi ya theluthi mbili, walikuwa bado vitandani na hawakuhesabiwa upande wowote. Hesabu inayofungwa mapema kiasi hicho haiwezi kutaja hatima ya kundi zima, hasa kwa ugonjwa ambao anayepona huweza kukaa wiki kadhaa kwenye mashine ya kupumulia. Wimbi la kwanza lilipohesabiwa lote, kiwango cha vifo huko kilikuwa karibu asilimia 40.

Kiwango hicho bado ni kikubwa, lakini ukubwa wake hupimwa kwa kukilinganisha na nini? Taarifa hiyo iliwatazama pia wagonjwa wa nimonia iliyosababishwa na virusi vingine kati ya mwaka 2017 na 2019, ambao takribani asilimia 22 walifariki. Ulinganisho huo una haki kuliko ule wa kuwachukua wagonjwa wengine wote wa ICU kwa pamoja, kwa sababu wodini humo hulala pia mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji uliopangwa, anayeangaliwa usiku mmoja tu, mama mwenye kifafa cha mimba na kijana aliyeumia kwenye ajali ya bodaboda. Kuwajumlisha hao ni sawa na kuweka korosho ghafi na zilizobanguliwa kwenye mzani mmoja, kisha kushangaa bei. Hata hivyo, ulinganisho na nimonia nao haujakamilika, kwa kuwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji mashine ya kupumulia ndani ya saa 24 za kwanza walikuwa sehemu kubwa zaidi ya kundi lao.

Wakati nao hubadilisha hesabu. Mwezi Juni 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine, vifo vilikuwa asilimia 29.3 kwa waliopewa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, na asilimia 41.4 kwa waliopata matibabu ya kawaida pekee. Mgonjwa wa Aprili na wa Desemba mwaka huohuo hawakutibiwa sawa.

Kwa Afrika, utafiti wa ACCCOS uliohusisha hospitali 64 katika nchi 10, zikiwamo Kenya, Malawi na Msumbiji, ulikuta asilimia 48.2 ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 wakifariki ndani ya siku 30, huku wastani wa dunia ukiwa asilimia 31.5. Uhaba wa vifaa na wataalamu unahusika. Kwa maoni yangu, uhaba wa vitanda nao huinua namba, kwa sababu vitanda vikiwa vichache hutengewa waliozidiwa kabisa.

Huku kusini kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni umbali. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Liwale au Nanyumbu husafiri saa nyingi, na oksijeni ikishuka mwilini njiani, kifo chake huandikwa katika hesabu ya ICU iliyompokea. Tena wodi ikipokea wagonjwa 10 tu kwa mwezi, vifo viwili vya ziada vinatosha kupandisha kiwango kwa pointi 20 nzima za asilimia, ingawa huduma haikubadilika hata kidogo.