Mwenzi wako ana miaka mingapi? Swali linaloamua ruzuku ya mstaafu Uingereza

"Mwanangu, nina miaka sabini na mbili. Leo naambiwa nijiandikishe Universal Credit kama kijana aliyefukuzwa kazi. Nimekosea wapi?"

Sisi tunaokaa kwenye meza za ushauri wa mafao huku Uingereza tumezoea kusikia maneno ya namna hii kutoka kwa wazee wetu waliotoka Kenya na Tanzania. Universal Credit ni ruzuku ya watu wenye kipato kidogo walio bado katika umri wa kufanya kazi. Kosa hawana. Ila mke, au mume, bado hajafika umri wa pensheni, na tangu tarehe 15 Mei 2019 ruzuku za nyumba nzima hufuata umri wa yule mdogo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Pensheni ya serikali ni yako mwenyewe, imetokana na michango yako ya kazini, na haiguswi na umri wa mkeo. Hata akiwa na miaka 40, utalipwa. Kilichoguswa ni Pension Credit, nyongeza iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya wastaafu wenye kipato kidogo. Hii hutolewa kwa kupima kipato na akiba za wote wawili. Pamoja nayo umeguswa msaada wa kodi ya nyumba, Housing Benefit, ule wa watu wa umri wa pensheni.

Zamani ilitosha mmoja wenu awe amefika umri. Yeye ndiye aliyeomba, na mwenzake akaingia chini ya mwavuli wake. Bunge lilipitisha sheria ya kubadili hilo mwaka 2012, kisha ikakaa kabatini miaka saba. Tarehe ya kuanza ilitangazwa kwa taarifa ya maandishi tarehe 14 Januari 2019, siku moja kabla ya wabunge kupiga ile kura kubwa ya Brexit, wakati nchi nzima imekodolea macho jambo jingine. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mtu wa umri wa kazi asamehewe kutafuta kazi kwa sababu tu ameolewa na mstaafu si haki kwa wenzake wa rika lake. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ukishika kalamu ukapiga hesabu, unaona mzigo umemwangukia nani.

Tuchukue mfano wa kubuni, tukitumia viwango vya mwaka wa fedha 2025/26. Mzee Salim amezaliwa 1953, pensheni yake ya serikali ni pauni 150 kwa wiki. Mkewe, Bi Rehema, amezaliwa 1966 na hana kazi. Nyumba ni yao na mkopo wameshaumaliza. Akiba yao ni ndogo mno, haifiki kiwango cha kuhesabiwa.

Kwa utaratibu wa zamani, Pension Credit ingewafikisha kwenye pauni 346.60 kwa wiki, kiwango cha watu wawili. Wana 150, basi wangeongezewa 196.60 kila wiki.

Kwa utaratibu wa sasa wanapelekwa Universal Credit. Kiwango cha wawili huko ni pauni 628.10 kwa mwezi, na humo pensheni ya Mzee Salim inakatwa pauni kwa pauni. Pauni 150 kwa wiki ni sawa na 650 kwa mwezi. Umeshaona? Pensheni imekimeza kiwango chote, na wao hawapati kitu. Watu wawili watakula, watapasha nyumba joto na kulipa bili kwa pauni 150 kwa wiki. Jirani yao mjane wa umri wa Mzee Salim, anayeishi peke yake, anafikishwa 227.10.

Hapo ndipo wazee huinamisha vichwa na kuniuliza kwa sauti ya chini: je, tukisema tumeachana? Jibu ni hapana. Kujitenga kwa karatasi huku mnakula sufuria moja ni udanganyifu, na fedha zitadaiwa zote. Wala msijifiche nyuma ya nikaha isiyosajiliwa. Idara ya Kazi na Pensheni haikuulizi cheti tu, inatazama kama mnaishi kama mke na mume.

Njia halali zipo, na nyingi hazitumiki kwa kutojua. Turudi kwa Mzee Salim. Tuseme magoti yamechoka, haogi wala havai bila kusaidiwa. Anaweza kuomba Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji kuhudumiwa, ambayo kwa viwango hivyo vya 2025/26 ni pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki kulingana na msaada anaouhitaji. Hii haiangalii kipato, na Universal Credit haiikati. Akishaipata, na Bi Rehema akawa anamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, madai yao ya Universal Credit yanaongezewa kipengele cha mlezi, pauni 201.68 kwa mwezi. Sasa hesabu inakuwa 829.78 kutoa 650, wanabaki na 179.78 kila mwezi, juu ya hiyo posho yenyewe. Na Bi Rehema hatakiwi tena kutafuta kazi. Akina mama wengi wamewahudumia waume zao miaka na miaka wakiona ni wajibu wa ndoa tu. Ni wajibu, sawa, lakini kwenye fomu liandikwe.

Asiye mlezi wala mgonjwa, huyo mdogo, atakutana na mshauri wa ajira na kukubaliana naye masharti ya kutafuta kazi. Mstaafu mwenyewe hana sharti la kazi hata moja, ingawa jina lake liko kwenye akaunti ya pamoja.

Jambo la akiba linahitaji macho mawili. Pension Credit haina kikomo cha akiba: pauni 10,000 za kwanza haziguswi, zinazozidi hupunguza malipo kidogo kidogo. Universal Credit hufunga mlango kabisa mkiwa na zaidi ya pauni 16,000. Na akiba si ya benki peke yake. Kiwanja cha Kibaha, nyumba ya kupangisha Mtwapa, hivyo navyo ni mali na thamani yake huhesabiwa. Nimewahi kumwona mzee akishangaa kwamba shamba la minazi alilorithi linaulizwa London. Linaulizwa, na kulificha ni kosa.

Wapo ambao mabadiliko haya hayakuwagusa. Wenzi wa umri tofauti, yaani mmoja amefika umri wa pensheni na mwingine bado, waliokuwa wakipokea Pension Credit au Housing Benefit ya wastaafu tarehe 14 Mei 2019 waliachwa waendelee, kwa sharti kwamba haki yao isikatike. Wakibaki na mojawapo kati ya hizo mbili, kinga iko hai. Zote mbili zikikatika, kinga imekufa, na hawarudi mpaka yule mdogo afike umri wa pensheni.

Kwa watu wetu, kinachokata kinga hiyo kirahisi ni safari ya nyumbani. Pension Credit huruhusu kuwa nje ya nchi wiki nne tu. Ukifiwa na ndugu wa karibu unaweza kuongezewa hadi nyingine nne, na matibabu yana hadi wiki 26. Lakini sisi tukifika Tanga au Mombasa hatujui kukaa wiki nne. Mfungo, sikukuu, arusi ya mjukuu, mara miezi miwili imepita. Kwa mstaafu mwingine hilo lingekuwa usumbufu wa kuomba upya tu. Kwa mwenye kinga ya 2019 na mke mdogo, tiketi hiyo inaweza kumgharimu maelfu ya pauni. Kabla ya kukata tiketi, hesabu siku.

Vilevile mjane au mtaliki aliye kwenye Pension Credit akioa au kuolewa na mtu ambaye hajafika umri, wakaishi pamoja, Pension Credit inasimama. Simwambii mtu asioe. Namwambia aje kwanza tukae tupige hesabu.

Kuna hali moja inayokwenda kinyume na matarajio. Mstaafu aliyemleta mke kutoka nyumbani kwa viza ya mwenza, yenye sharti la kutopokea fedha za umma, hahesabiwi kuwa katika wenzi wa umri tofauti. Kwa macho ya sheria ya Pension Credit mke huyo hayumo nyumbani, na mzee anaweza kuomba peke yake, kiwango cha mtu mmoja. Kwa viwango vile vya 2025/26, mwenye pensheni ya 150 ataongezewa 77.10 kwa wiki. Aeleze wazi kwamba mke yupo na viza yake ni ipi, na asidai chochote kwa ajili yake, maana hilo linaweza kuharibu viza. Siku mke anapopata ukaazi wa kudumu, watu wanakula pilau, na ndiyo siku wanapogeuka kuwa wenzi wa umri tofauti. Pension Credit ya mzee inakoma. Kila nikilieleza hili, anayenisikiliza hunitaka nirudie.

Umri wa pensheni wenyewe nao haujasimama. Ulikuwa 66, na kati ya 2026 na 2028 unapanda hatua kwa hatua hadi 67. Aliyezaliwa kati ya tarehe 6 Machi 1961 na 5 Aprili 1977, kama Bi Rehema, atangoja hadi 67, na kwake hiyo ni mwaka 2033. Mumewe atakuwa na miaka 80.

Siku hiyo ikifika, hakuna atakayewahamisha kutoka Universal Credit kwenda Pension Credit. Wanatakiwa kuomba wenyewe, kwa simu, mtandaoni au kwa fomu ya karatasi, na wanaweza kuanza miezi minne kabla. Wakichelewa, malimbikizo hayazidi miezi mitatu.