Eabegi za kesho zitamjua aliyekaa kwenye siti

Nikimwambia mtu mi ni fundi umeme wa magari na nimejikita kwenye eabegi, ile mifuko ya hewa inayokukinga gari likigonga, huku Dodoma swali linalofuata huwa moja tu, gari hii inazo ngapi? Mtu anaagiza gari Japani anahesabu mifuko, mbili, sita, nane, basi anaona kamaliza habari ya usalama. Mi naona kwenye idadi tumeshafika karibu na mwisho, kinachobadilika saa hizi ni akili inayoiamuru hiyo mifuko, na sisi wanunuzi wa magari yaliyotumika linatuhusu sana tu.

Gari likigonga kwa mbele sensa zinasoma jinsi mwendo unavyokatika, boksi la SRS, yaani kompyuta ya eabegi, linaamua ndani ya milisekunde chache, linapeleka umeme kwenye kifyatuzi, kemikali inaungua inatoa gesi na mfuko unajaa kwa kama milisekunde 30, yaani hata jicho hujapepesa. Ila anayekushika kweli ni mkanda, ule wa pointi 3 ambao Volvo waliuleta 1959, na siku hizi wenyewe una baruti yake ndogo inayouvuta ukubane kabla hujaenda mbele. Eabegi ni msaidizi wa mkanda. Usipofunga mkanda unaufuata mfuko wakati nao unakuja kwako kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na hapo unaweza kukuumiza.

Shida ya mifumo mingi tuliyonayo barabarani ni kwamba mzee wa kilo 110 na binti wa kilo 48 wanashikwa karibu sawasawa. Sasa watengenezaji wa magari ndio wanaparekebisha hapo. Mwaka 2025 Volvo walitangaza mkanda wa gari lao la EX60 wenye ngazi 11 za kulegeza nguvu badala ya 3 za zamani, mkanda wenyewe unachagua kwa kuangalia urefu wako, uzito, ulivyokaa na ajali yenyewe ilivyo. Ulaya magari mapya yanatakiwa kuwa na mfumo wa kumtahadharisha dereva anayesinzia. ZF, kampuni ya vipuri vya magari ya Ujerumani, wameonyesha eabegi inayotokea nje, ubavuni mwa gari, kabla hamjagongana, maana kamera na rada zimeshaona kwamba hapa hakuna kukwepa.

Kinachowaumiza vichwa watengenezaji zaidi ni siti ya kulala. Magari yakianza kujiendesha watu watataka kujinyoosha, na sisi tayari tunafanya hivyo, angalia abiria wa mbele anayetoka Dodoma kwenda Dar, akipita Kibaigwa siti ishalazwa mpaka mwisho. Ukilala hivyo mkanda wa kiunoni hauko tena kwenye mifupa ya nyonga, gari likigonga unateleza chini yake, mkanda unapanda tumboni na kukata vitu vya ndani, na eabegi ya dashibodi inajaa mahali ambapo kifua chako hakipo. Ndio maana wanatengeneza mifuko ya ndani ya kikalio inayonyanyua mapaja, na mingine inayotokea kwenye siti yenyewe badala ya dashibodi.

Magari hayo yatatufikia yakiwa yametumika miaka kumi na kitu, ndipo wasiwasi wangu ulipo. Taa ya eabegi ikiwaka huku kwetu mara nyingi ni spairo ya chini ya usukani, ule waya uliojikunja unaopeleka umeme kwenye usukani, imekatika (utaona na honi imekufa) au soketi ya njano chini ya siti imejaa vumbi, vitu vinavyotengenezeka kabisa. Lakini kuna mafundi wanachomeka rezista ya kama ohm 2, kidude cha umeme cha kudanganyia, boksi linaamini mfuko upo mzima, taa inazima, mwenye gari anashukuru na kulipa. Sasa mfumo unaoamua kwa kutegemea taarifa ukiulisha uongo utaamua nini? Halafu kuna kava za siti za kubana, eabegi ya pembeni inatokea kwenye mshono wa siti, ukiufunika na ngozi nzito umeuziba mlango wake.

Na gari la miaka ya 2000 mpaka 2015 hivi usinunue bila kuangalia chesi namba kwenye orodha za Takata, kampuni ya Japani ambayo eabegi zake mbovu ziliitwa zirudishwe. Gesi yao ilitokana na amonia naitreti, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ikifyatuka kopo linapasuka na kurusha vyuma, na Marekani pekee vimeua zaidi ya watu 25. Ukame wa Dodoma una nafuu kidogo, ila gari hujui limeishi wapi kabla yako.

Kabla hujalipa hela ya gari washa swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi lazima iwake, Toyota nyingi inakaa kama sekunde 6, halafu izime yenyewe. Isipozima mfumo una hitilafu, na isipowaka kabisa ama imeungua ama kuna mtu ameichezea, hapo mwambie muuzaji dashibodi ifunguliwe mkiwa wote mnaona.