Nyuma ya mstari wa mbele: raia anavyobeba vita

Nchi nzima ikiingia vitani, haina maana kwamba kila mtu anapewa bunduki. Maana yake ni kwamba jasho la wasio askari, chakula chao, magari yao, hata taa zinazozimwa usiku ndege za adui zisiuone mji, vyote vinaelekezwa kulisaidia jeshi. Huko ndiko nyuma ya mstari wa mbele.

Mwanza inalijua hilo tangu Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nia ni rahisi kuitangaza. Uwezo ulibidi ukusanywe. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuka ndani ya miezi michache hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakiwemo, na watu wote hao walikula kila siku. Wananchi wakatoa ng'ombe, mbuzi, nafaka na fedha.

Lakini tusilipake sukari neno “mchango”. Malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kwa amri ya serikali kusafirisha askari na mizigo kwenda Kagera. Mwenye lori lililozoea kubeba pamba ya Usukumani hakuulizwa kama anajitolea. Naye alichangia vita, labda kuliko aliyetoa mbuzi mmoja huku akipigiwa makofi. Kujitolea na kulazimishwa huenda pamoja katika jambo hili, na anayeeleza upande mmoja tu anakupa nusu ya habari.

Tena nyuma si mahali pa usalama. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga Mwanza ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Ukisimama Kapripointi, mtaa wa Mwanza ulio ufukweni mwa ziwa, leo, kisiwa kiko pale pale mbele yako. Mji uliponea chupuchupu.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini kazi ya raia haikwisha siku hiyo, kwa sababu gharama za vita hulipwa baadaye. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na miaka ya themanini ilipoanza watu walikuwa bado wanapanga foleni ya sabuni na sukari.