Shimo jeusi halifyonzi: yanayosemwa vibaya kuhusu nyota zinazolipuka

Tuanze na hesabu ya kufikirika. Liondoe Jua, kisha weka mahali pake shimo jeusi (kitu kilichobanwa mno kiasi kwamba hata mwanga hautoki ndani yake) lenye uzito uleule. Dunia itafanya nini? Itaendelea kuzunguka katika njia yake ileile, na mwaka utabaki wa siku 365 na ushei. Tutaganda kwa baridi, hilo halina ubishi, lakini hakuna atakayemezwa.

“Shimo jeusi hufyonza kila kitu”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na filamu zimeipalilia. Ukweli ni kwamba nguvu ya mvutano hutegemea uzito wa kitu na umbali ulio kati yako na kitu hicho. Shimo jeusi halina mvutano wa aina ya pekee. Upekee wake ni udogo wake: uzito wote wa Jua ungekusanyika ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha kilomita 3 hivi, kwa hiyo unaweza kulisogelea kupita kiasi. Ukivuka mpaka wake hurudi tena, hata ungekuwa mwanga. Ukikaa mbali, ni uzito kama uzito mwingine.

Katikati ya galaksi yetu lipo shimo jeusi, Sagittarius A*, lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Nyota iitwayo S2 hulizunguka kila baada ya miaka 16. Mwezi Mei 2018 ilipita karibu nalo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, ikageuza, ikaenda zake. Ni kwa kufuatilia nyota za aina hiyo kwa miaka mingi ndipo wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipopata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2020.

“Siku moja Jua litalipuka liwe shimo jeusi”

Halina uzito wa kutosha. Nyota inayokufa kwa kulipuka baada ya kiini chake kuporomoka huanza maisha na uzito wa angalau Jua mara 8 hivi. Jua letu, baada ya takriban miaka bilioni 5, litavimba liwe jitu jekundu, litapoteza tabaka zake za nje, kisha litabaki kibete cheupe, yaani kiini cha nyota kilichokufa, chenye ukubwa unaokaribia wa Dunia.

Hata nyota nzito hazigeuki zote kuwa mashimo meusi. Nyingi huacha nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kilichobanwa mno lakini kisichofikia kuwa shimo jeusi, mfano ile iliyo ndani ya wingu la gesi liitwalo Nebula ya Kaa, mabaki ya mlipuko ulioandikwa na Wachina mwaka 1054. Hiyo bado inajizungusha mara 30 hivi kila sekunde.

“Betelgeuse ikilipuka, tumekwisha”

Betelgeuse, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia Ibuti la Jauza, ni ile nyota nyekundu-nyekundu ya kundinyota la Jabari, lenye nyota tatu zilizojipanga mstari. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia ghafla na mitandao ikachangamka. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyota hiyo ilirusha gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaiziba kwa muda. Italipuka kweli, ila huenda ikachukua miaka elfu nyingi. Nayo iko mbali nasi kwa mamia ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), wakati mlipuko wa kutudhuru ungepaswa kuwa ndani ya makumi kadhaa tu ya miaka hiyo. Tungeiona mchana kweupe, basi.

Na tuna mfano halisi. Tarehe 24 Februari 1987 nyota ilionekana ikilipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, miaka ya nuru takriban 168,000 kutoka hapa. Mtu wa Dodoma au Mtwara angeweza kuiona kwa macho matupu, upande wa kusini. Lakini mwanga haukuwa sehemu kubwa ya tukio: karibu asilimia 99 ya nishati ya mlipuko kama huo huondoka na nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu bila kukigusa. Mitambo ya Japani, Marekani na Urusi ya Kisovyeti ilinasa 25 hivi, saa chache kabla mwanga haujaonekana. Wanasayansi walijua nyota imeporomoka kutokana na chembe zisizojaza hata kiganja. Kwangu mimi hilo linashangaza kuliko mwako wenyewe.

“Ni nadharia tu, hakuna aliyewahi kuliona”

Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 ilitolewa 10 Aprili 2019, na ya Sagittarius A* ikafuata 12 Mei 2022. Tunachokiona pale ni gesi ya moto inayong’aa ikizunguka kivuli. Hata hivyo ushahidi ulianza zamani, na sehemu yake ilipitia pwani yetu.

Gesi inayoporomoka kuelekea shimo jeusi hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Angahewa huzizuia eksirei zinazotoka angani, kwa hiyo mtu akizitaka lazima apande juu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mtambo wa Waitaliano uliosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya eksirei za angani, nayo ikaitwa Uhuru. Ngomeni ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta: mzunguko wa Dunia huisaidia roketi kwa karibu mita 465 kwa sekunde, na obiti ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kikimemeta harakaharaka mno, ishara kwamba ni kitu kidogo. Mwaka 1971 wanaastronomia waligundua kwamba kinazungukana na nyota kubwa ya buluu kwa siku 5.6, na hesabu ya uzito ikakataa kuwa nyota ya nyutroni. Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka 1990. Mwaka 2021 vipimo vipya vya redio viliusogeza umbali wa Cygnus X-1 hadi miaka ya nuru 7,200 hivi, na uzito uliokuwa ukikadiriwa kuwa wa Jua mara 15 ukapanda hadi mara 21.